Nivushe ni Sauti ya Nani?

Watu wengi wakiulizwa kwa nini matangazo ya kampuni za simu yanawakera, hutaja kelele. Sauti inapanda ghafla mara tu msomaji wa habari anaposema "usiondoke", vijana wanaanza kucheza katikati ya barabara bila sababu, na tangazo lilelile linarudi mara tatu kabla ya habari za michezo. Ni kweli, yanakera. Lakini kelele tumeizoea. Daladala zina kelele, baa zina kelele, wahubiri wa stendi wana spika kubwa kuliko duka lolote la simu, na hatuwachukii kwa kiasi hicho. Mimi nadhani kinachokera ni kitu kingine, na kimekaa kwenye sarufi.

Ninasoma shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, kwa hiyo mimi kila kitu nakiona sarufi. Wenzangu ninaopanga nao nyumba huku Changanyikeni wameshakubali. Mwezi uliopita nilikaa na daftari mbele ya televisheni kwa wiki mbili, kila siku kuanzia saa mbili usiku, nikaandika kila tangazo la simu lililopita katikati ya taarifa ya habari. Nilitarajia kupata aina nne au tano za hadithi. Nilipata moja.

Kuna mtu amekwama. Bando limekata dakika ya themanini na tano ya mechi, au salio halitoshi kulipia dawa, au mama wa sokoni ana mteja anayetaka kulipa kwa simu. Mtu huyo anakunja uso. Anatokea rafiki aliyevaa fulana yenye rangi ya kampuni, anabonyeza simu, muziki unaingia, na mtaa mzima unacheza. Babu anacheza. Babu lazima acheze. Kisha sauti ya mwanamume inasoma sentensi ya mwisho kwa kasi ya dalali wa mnada, na habari zinarudi.

Ukifuta rangi kwenye picha huwezi kujua tangazo ni la nani. Na siku hizi hata rangi hazisaidii sana. Vodacom, iliyokuwa ya bluu, ilihamia kwenye nyekundu, na Airtel nayo ni nyekundu. Majina nayo hayatulii: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Buzz ikawa Tigo, na Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa yake ikaitwa Mixx by Yas. Halotel ya Viettel kutoka Vietnam ilipoingia mwaka 2015, nayo ilikuja na watu wake wa kucheza. Kampuni hizi zinashindana kweli, kwa minara na kwa fedha. Kwenye skrini ni kama kwaya moja iliyogawana sare.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, kauli yake ilikuwa maneno matatu ya Kiingereza yanayomaanisha tuma pesa nyumbani. Tuma ni kitendo, pesa ni kitu, nyumbani ni mahali. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya huduma hiyo alielewa inafanya nini, na yule mwenye mke au wazazi kijijini alielewa kwa nini anaihitaji. Unaweza kusema halikuwa tangazo la kisanii. Lilikuwa na habari ndani yake.

Agosti 2010, Zain ya Kenya ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, nusu ya bei yake ya awali. Hiyo pia ni habari: tarakimu moja, mtu anaweza kuilinganisha na anayolipa leo. Safaricom nayo ilishusha bei zake, lakini tangazo lake la miaka hiyo ambalo watu wanalikumbuka mpaka leo ni "Niko na Safaricom". Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na huku Tanzania hatukuliona sana. Nimeliangalia baadaye YouTube, na nakiri ni zuri. Watu wanaimba, kamera inapita juu ya nchi, milima na nyika na maji. Hakuna bei. Hakuna hata simu inayofanya kazi fulani. Mshindani amesema tatu, naye amejibiwa kwa mandhari.

Kwangu mimi hapo ndipo njia zilipoachana. Tangazo la tarakimu linamruhusu mtazamaji kubisha: tatu ni kweli au si kweli, ni kwa mitandao yote au mmoja, mpaka lini. Tangazo la wimbo halibishiki. Nani atabishana na mlima? Kampuni zote zilijifunza somo hilo, na kwa kuwa mandhari ni ghali na nchi ni moja, zikaanza kugombea kitu kingine kinachotugusa kama nchi, nacho hakilipiwi hata senti. Zikaanza kugombea Kiswahili.

Angalia majina ya huduma za kukopa. Vodacom ina Nipige Tafu kwa salio la kupigia, na kwenye M-Pesa ina Songesha, inayokamilisha malipo pale hela yako inapopungua. Tigo ilikuwa na Nivushe, kisha Bustisha. Airtel ilikuja na Timiza. Kenya, Safaricom ina Okoa Jahazi, na tangu Januari 2019 ina Fuliza. Yasome tena kwa sauti. Ni vitenzi vitupu, na vingi vimetoka kwenye maisha ya watu kusaidiana. Kuvushana ni kazi ya mtoni: aliyejua kina cha maji humshika mkono asiyejua. Kuokoa jahazi ni kazi ya mabaharia, wote kwa pamoja, kwa sababu likizama linazama na wote. Kupigana tafu ni lugha ya vijiweni: unabeba gunia, jamaa anakuja anashika upande wa pili, mnaachana hapo bila hesabu.

Sasa tafuta neno mkopo katika majina hayo. Tafuta deni. Tafuta riba. Hayapo. Okoa Jahazi ya shilingi 100 inakupa salio la 90, kwa sababu asilimia 10 inachukuliwa kabla jahazi halijaokolewa. Fuliza ilipoanza, aliyetumia kati ya shilingi 101 na 500 za Kenya alitozwa shilingi 5 kwa siku. Kwa mtu aliyechukua 500 hiyo ni asilimia 1 kwa siku, na mwezi ukiisha ni asilimia 30. Bei hizo zilipunguzwa mwaka 2022, na hilo ni jambo jema. Lakini jina lilibaki, na jina ni la kweli kuliko lilivyokusudiwa, maana kufuliza ni kuendelea na jambo bila kukoma.

Halafu kuna suala la nafsi. Nivushe. Nipige tafu. Kiambishi ni- kinamrejelea nani? Si kampuni. Kampuni haijakwama popote wala haina mto wa kuvuka. Anayesema "nivushe" ni mimi, mteja. Ombi langu limetungwa ofisini na watu wasionijua, likabandikwa kwenye bango, likarudishwa kwangu kama jina la bidhaa. Benki ya zamani ilikuwa inasema "tunakopesha", na ubaya wake wote uliuona: wao ni wao, wewe ni wewe, katikati kuna karatasi. Hapa kampuni imetoka kwenye sentensi kabisa. Nimebaki mimi peke yangu, ninaomba kwa sauti yangu, na majibu yanakuja kama muujiza wenye muziki.

Kama haya yangekuwa mambo ya darasani tu, ningeyapeleka kwenye semina nikapata alama zangu. Lakini mama yangu anauza vitumbua Muheza, na simu yake ndiyo benki yake. Mwaka jana alikuwa anaumwa mguu, nikamtumia shilingi 20,000 za dawa. Nikapiga kuuliza kama zimefika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imefika, ila imefika nusu."

Ilikuwa imekatwa zaidi ya shilingi 11,000 kabla hajaigusa. Kampuni sitaitaja, kwa sababu nimegundua zote zina utaratibu unaofanana: hela yoyote inayoingia inalipa kwanza kilichokopwa. Nikamuuliza mama alikuwa anadaiwa nini. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Si deni, mwanangu. Walinisaidia tu siku ile unga ulipoisha."

Walinisaidia. Nimelifikiria neno hilo kuliko neno lolote nililosoma kwenye kozi zangu. Mama yangu anajua deni ni nini. Ana daftari la waliokula vitumbua hawajalipa, na anaweza kukutajia siku na idadi. Jirani yake akimkopesha kilo mbili za unga, anasema waziwazi "nadaiwa unga", na jirani akiona mguu umevimba anasema "utalipa ukipona". Jirani anaona. Kile kilichokata 11,000 hakikuona mguu. Lakini kati ya hao wawili, ni jirani aliyeitwa mdai, na mashine ndiyo iliyopewa jina la msaada. Miaka kumi na zaidi ya matangazo yenye babu anayecheza imefanya kazi hiyo, na imeifanya vizuri.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema "ni matangazo tu, bonyeza kimya". Unaweza kubonyeza kimya kwenye televisheni. Huwezi kubonyeza kimya kwenye lugha. Mtu akikosa neno la kuliita deni lake, atalihesabuje?

Turudi kwenye sentensi ile ya mwisho, inayosomwa kwa kasi ya mnada: vigezo na masharti kuzingatiwa. Kwa sekunde ishirini na kitu tangazo limekuamrisha kwa kitenzi cha nafsi ya pili: jaza, cheka, songesha, furahia. Kila kitu kimekuhusu wewe. Kisha linafika jambo pekee lenye nguvu ya kisheria, na ghafla mtu anatoweka. Kuzingatiwa. Kitenzi-jina, kauli ya kutendwa, hakina mtenda. Kuzingatiwa na nani? Na wewe, bila shaka, lakini sasa hakuna anayekutaja. Vigezo vipi? Viko mahali fulani kwenye tovuti. Kwenye raha unaitwa kwa jina. Kwenye wajibu sarufi inakuficha, ili usijue kuwa anayeongelewa ni wewe.

Tigo waliwahi kuwa na promosheni iliyoitwa Jaza Ujazwe Ujaziwe. Mimi niliipenda, sitadanganya. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi angeweza kuitumia darasani: kauli ya kutenda, kutendwa, kutendewa, mstari mmoja. Inachekesha na inakaa mdomoni. Lakini ukiitazama kwa makini, kitenzi pekee chenye mtenda anayejulikana ni cha kwanza. Wewe jaza. Nani atakayekujaza na kukujazia, kiasi gani na mpaka lini, kauli ya kutendwa imemeza.

Vifurushi vina ujanja wake pia. Kuna wakati bando lilinadiwa kwa neno "halichachi". Ni neno tamu, limetoka jikoni: wali unachacha, maharage yanachacha, na kijana asiye na hela naye husema "nimechacha". Ila chakula kinachacha kwa sababu ya joto na vijidudu. Megabaiti haina vijidudu. Kilichofanya bando la siku liishe saa sita usiku ni uamuzi, na aliyeuamua ana ofisi. Kuuza kisichochacha kama fadhila ni kumfanya mtu aamini kwamba vingine vyote vinachacha vyenyewe, kama maziwa. Safaricom ilipoleta data isiyo na muda wa kuisha mwezi Oktoba 2019, haikuvumbua friji. Iliacha tu kufuta.

Watanzania tuliwahi kuona pazia likifunguka kidogo. Tarehe 2 Aprili 2021, vifurushi vya bei mpya vilianza kutumika baada ya utaratibu mpya wa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Watu walipofungua menyu na kuona hela ileile inanunua kidogo mno, malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba siku hiyohiyo iliagizwa bei za zamani zirudishwe. Nakumbuka siku ile kwa sababu kila mtu aliongea kwa tarakimu. Kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp, mabinti wa saluni: ilikuwa megabaiti ngapi, sasa ngapi, kwa shilingi ngapi. Hakuna aliyesema yatosha, hakuna aliyesema songesha. Kwa siku moja tuliongea na kampuni kwa lugha ambayo matangazo yao yaliiacha siku nyingi.

Haki isemwe. Kampuni hizi zimekifanyia Kiswahili mambo ambayo kamati nyingi za istilahi zingeyaonea wivu. Salio, vocha, kifurushi, wakala, muamala, makato, namba ya siri: bibi ambaye hajawahi kuingia benki anayatumia yote bila kusita. Menyu ya simu ni moja ya sehemu chache ambapo jambo la kifedha linasomeka kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na hata kati ya majina ya kibiashara yapo yanayostahili sifa. "Airtel Yatosha" ni sentensi kamili ya maneno mawili, yenye -a- ya wakati uliopo ambayo mazungumzo ya kila siku yameanza kuisahau. Kwa hiyo si kwamba wanaoandika matangazo hawajui Kiswahili. Wanakijua vizuri sana, na ndiyo maana nawadai zaidi. Mtu asiyejua lugha akikosea, tunacheka. Mtu anayejua hasa neno "nivushe" linagusa wapi, kisha akalitumia kufunika kiwango cha riba, huyo tumuulize.

Na sisi tunaotazama si mabubu. Vodacom walipotupa "Yajayo Yanafurahisha", mtaani niliisikia ikitamkwa mwalimu anaposambaza karatasi za mtihani, kodi ya nyumba inapokaribia, fundi anapofungua injini na kukaa kimya. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" sasa ni kauli ya wapenzi na ya wazazi: utaenda sherehe, ila vigezo na masharti. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Ile sauti ya mashine inayosema mteja hapatikani imewapa neno jipya, na mtu asiyepokea simu husemwa tu kuwa "ni mteja". Wamechukua neno ambalo kampuni inatuitia sote, wakalifanya limaanishe mtu asiyefikika. Huo ndio uhakiki bora wa matangazo ya simu niliousikia, na walioutunga hawakuandika hata ukurasa mmoja.

Utani huo unanipa moyo, lakini hautoshi, kwa sababu mama yangu hautumii. Yeye anaamini neno linamaanisha kile lilichomaanisha siku zote. Mtu akisema "nikuvushe", anadhani kuna mkono. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo ninachokitumia sasa kila tangazo likipita. Liondolee muziki, muondoe babu, soma kilichobaki kwa sauti ya kawaida. Je, kuna mtenda? Kuna tarakimu? Je, jambo linaitwa kwa jina lake? Katika wiki zile mbili za daftari, hakuna tangazo la mkopo hata moja lililopata maksi tatu kwa tatu.

Wala haliwi gumu kuandika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliandika kwa dakika tano: "Tunakukopesha shilingi 10,000. Utalipa kiasi hiki, ifikapo siku hii. Usipolipa, tutakata kwenye hela yoyote utakayotumiwa, hata ya dawa." Lina nafsi zote mbili, sisi na wewe, zimekaa pande mbili za sentensi kama watu wawili wanaopatana bei. Mama yangu angelisikia mara moja, akachukua daftari lake, akaandika: nadaiwa.